Mdogo wangu alikufa kwa pepopunda, sasa mwanangu anaandikiwa sumu ya jamii hiyohiyo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nakuandikia kuhusu wa pili, mvulana wa miaka mitano. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Akili yake ni nzuri. Anaongea taratibu lakini anaeleweka, anajua nyimbo nyingi kuliko dada yake, na ukimdanganya anakushika. Shida ni miguu. Misuli ya vigimbi imekakamaa, visigino havigusi chini, anatembea kwa vidole huku ameshika ukuta au mkono wa mtu. Usiku misuli humbana akaamka akilia.

Kila asubuhi mama yangu, ambaye tunaishi naye, humlaza chini na kumnyoosha miguu kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huukunja wayo polepole kuelekea juu, akahesabu, akauachia, akarudia. Mtoto humvumilia bibi yake kuliko anavyonivumilia mimi. Bila mama sidhani kama angefika hapa alipo.

Kliniki iliyopita daktari alituambia kuwa mazoezi na vile vifaa vya plastiki vya kushikilia nyayo havitoshi tena. Akapendekeza sindano kwenye vigimbi, ya kulegeza misuli. Nikamuuliza dawa yenyewe imetengenezwa na nini. Hakunificha: akasema ni sumu ya bakteria, inaitwa botulinamu, inatolewa kwa kipimo kidogo sana. Nilipofika nyumbani nikasoma, nikakuta kwamba bakteria huyo na yule wa pepopunda ni wa jamii moja, na sumu zao zinafanana.

Shangazi, mdogo wangu wa kiume alikufa kwa pepopunda. Alikuwa na miaka tisa, alikanyaga msumari. Taya zilianza kubana, tukadhani ni jino. Kisha mgongo ukapinda hadi akawa anagusa kitanda kwa kisogo na visigino tu, na fahamu zake zote zilikuwepo. Mlango ukifungwa kwa kishindo, mwili mzima unamkamata upya. Mama alimshika mpaka mwisho.

Mume wangu anaitaka sindano. Anasema namfungia mtoto njia kwa sababu ya msiba wa zamani, na kwamba nikikataa atampeleka mwenyewe. Anashauri pia tumwambie mama ni dawa ya misuli tu, neno sumu tusilitaje. Mama hajui lolote bado. Nami nikimtazama mtoto alivyo mdogo, hata maji akinywa kwa haraka humpalia akakohoa hadi machozi yakamtoka, najiuliza: huyu ndiye nimtie sumu mwilini? Halafu namwona anavyowaangalia wenzake wakikimbia, najiuliza tena.

Daktari anasubiri jibu letu mwezi ujao. Nifanyeje?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya usiku wa kuamshwa na kilio cha mtoto, na pole ya mdogo wako. Kifo kama kile hakimwachi aliyekishuhudia, hata miaka ikipita mingi. Sioni ajabu kwamba uliposoma neno pepopunda na jina la mwanao katika jambo moja, mwili wako wote ulikataa.

Unaniuliza kuhusu sindano. Lakini naona umebebeshwa zaidi ya hilo: mume anayeiita hofu yako kikwazo, na mama ambaye unaombwa umfiche jambo linalohusu mtoto aliye mikononi mwake kila asubuhi. Mimi si daktari wa mwanao, sijamwona wala kumpima, kwa hiyo sitakuambia mchome au msimchome. Nitakueleza ninayoyajua kuhusu sumu hii, kisha tutazame pamoja.

Kwanza nirudi kwenye jambo uliloliandika kwa kupita. Umesema maji humpalia akakohoa hadi machozi. Mwanangu, hilo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika barua yako, na sijui kama daktari analijua. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za botulinamu ziwekewe onyo kali kwenye maelezo yake. Onyo lilisema kuwa mara chache sumu husambaa mbali na pale ilipochomwa, ikaleta udhaifu wa misuli, shida ya kumeza na shida ya kupumua, saa kadhaa hata wiki kadhaa baada ya sindano. Taarifa nzito zaidi, vikiwemo vifo, nyingi zilihusu watoto wenye mtindio wa ubongo waliochomwa kwa ajili ya misuli iliyokakamaa. Watoto wengi sana wametibiwa hivyo bila madhara makubwa, na ndiyo maana tiba haikuondolewa. Ila mtoto ambaye tayari ana udhaifu wa kumeza au kupumua anatazamwa kwa jicho tofauti. Huenda mwanao hunywa haraka tu kama watoto wengine. Huenda misuli ya koo nayo imeguswa na mtindio. Tofauti hiyo haibainishwi kwa kukisia. Kuna wataalamu wanaopima namna mtoto anavyomeza, na kipimo hicho mnaweza kukiomba kabla ya kukubali chochote.

Sasa hiyo sumu yenyewe. Ulichosoma ni kweli, na nisingependa mtu akutulize kwa kukuambia si kweli. Bakteria wa pepopunda na wa botulinamu wote ni wa jamii ya klostridia, na sumu zao zimejengwa kwa namna moja. Kila moja ni protini yenye sehemu mbili zilizofungwa pamoja. Sehemu kubwa huutambua mwisho wa neva na kuunasa. Neva, bila kujua, huimeza sumu nzima ndani ya kifuko kidogo. Ndani ya kifuko hicho tindikali huongezeka, na hapo ndipo ile sehemu ndogo hupenya ukuta wa kifuko na kuingia ndani ya seli. Sehemu ndogo ni kimeng'enya kilichobeba chembe ya zinki, na kazi yake ni ya mkasi.

Kinachokatwa ni nini? Mwisho wa neva umejaa vifuko vya kemikali iitwayo asetilikolini. Neva ikitaka msuli ujikaze, vifuko husogea hadi kwenye utando wa seli, vikaungana nao, vikamwaga kilichomo. Protini chache ndizo zinazovivuta na kuvishikiza pale. Mkasi wa botulinamu huzikata protini hizo. Vifuko hubaki vimejaa, amri haimfikii msuli, msuli unalegea. Neva haifi. Baada ya muda huchipua ncha mpya, kisha mwisho wa zamani nao hupona na kurudi kazini, na ndiyo sababu nguvu ya sindano huisha kwa miezi takribani mitatu au minne.

Pepopunda hutumia mkasi wa aina hiyohiyo. Mwaka 1992 watafiti wa Padova, Italia, walionyesha kwamba sumu ya pepopunda na ya botulinamu aina ya B huikata protini ileile, mahali palepale. Kwa nini basi moja hukakamaza na nyingine hulegeza? Ni kwa sababu ya pale zinapofanyia kazi. Botulinamu hubaki kwenye ncha ya neva, jirani na msuli. Ya pepopunda huingia kwenye ncha hiyo, lakini haitulii: husafiri ndani ya neva kupanda hadi kwenye uti wa mgongo, ikavuka na kuingia katika neva nyingine, zile ambazo kazi yake ni kuituliza misuli. Huko ndiko inakokata. Misuli ikikosa wa kuituliza hujikaza yote kwa pamoja, na kishindo kidogo cha mlango kinatosha kuiwasha. Ndicho ulichokiona kwa mdogo wako.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu moja. Picha uliyo nayo kichwani ni ya mgongo uliopinda na taya zilizobana. Sindano ya botulinamu haiwezi kuleta picha hiyo. Hatari yake iko upande wa pili, kulegea kupita pale palipokusudiwa: sauti kufifia, shingo kukosa nguvu, chakula kugoma kushuka, pumzi kuwa nzito. Mama anayeogopa kukakamaa atakuwa macho kwa dalili zisizohusika, na zile zinazohusika zinaweza kumpita. Hofu yako ina msingi. Ninachokuomba uangalie ni kama imeelekezwa kwenye hatari yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hujawahi kulitazama hivi. Chanjo ya pepopunda uliyochomwa ukiwa mjamzito, ikiwa ulihudhuria kliniki, na zile alizochomwa mwanao akiwa mchanga, zimetengenezwa na sumu yenyewe ya pepopunda. Katika miaka ya 1920 mtafiti Mfaransa Gaston Ramon aligundua kwamba sumu ya bakteria ikiwekwa kwenye kemikali iitwayo formalini na joto la wastani hupoteza makali yake, lakini mwili bado huitambua na kujifunza kupambana nayo. Alianza na sumu ya dondakoo, ikafuata ya pepopunda. Kile kilichomchukua mdogo wako, kikiwa kimenyang'anywa makali, ndicho kinachowakinga wanao leo. Nakiri kwamba botulinamu ya sindano si sawa na chanjo, kwa sababu yenyewe haijanyang'anywa makali. Inafanya kazi kwa makali yaleyale, ila kwa kiasi kidogo na mahali palipochaguliwa. Chupa yake huwa na nanogramu chache tu, na nanogramu ni sehemu ya bilioni moja ya gramu.

Wazo la kuitumia kama dawa si la jana. Justinus Kerner, daktari Mjerumani, aliwachunguza watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika, na mwaka 1822 akaandika kwamba huenda kiasi kidogo cha sumu hiyo kingeweza kutuliza neva zilizochachamaa. Alikuwa hajui hata kuna bakteria. Karne moja na nusu baadaye Alan Scott, daktari wa macho huko San Francisco, aliijaribu kwa watu wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaiidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Kwa miguu iliyokakamaa ya watoto kuanzia miaka miwili, idhini ya Marekani ilikuja mwaka 2016, ingawa madaktari walikuwa wameitumia kwa watoto hao miaka mingi kabla ya hapo.

Mume wako naye namwelewa. Baba anayemwona mwanawe akishika ukuta anataka kufanya kitu, na sindano ni kitu. Ila ningependa mkae mjiulize wote wawili mnatarajia nini. Sindano hii haiponyi mtindio wa ubongo, kwa kuwa jeraha liko kwenye ubongo na sindano inaishia kwenye kigimbi. Ikifanya kazi vizuri, msuli huanza kulegea ndani ya siku chache, hufikia kilele baada ya wiki mbili hivi, na kwa miezi michache visigino vinaweza kukaribia chini. Kipindi hicho ndicho cha kunyoosha, kuvaa vifaa, kufundisha miguu namna mpya ya kukanyaga. Msuli ukilegea bila mazoezi, dawa huisha na mtoto akabaki karibu na pale alipokuwa. Kama baba anaona mbele yake mtoto anayekimbia, na mama anaona kaburi, mtabishana bila kukutana. Kamuulizeni daktari pamoja: kwa mtoto huyu hasa, lengo ni lipi? Kuvaa vifaa bila maumivu? Kulala usiku? Kutembea hatua kadhaa bila kushikwa? Kila lengo lina thamani yake, na kila moja linapimwa tofauti.

Muulizeni pia kama ukakamavu huo unamsaidia mahali fulani. Wapo watoto ambao ugumu wa miguu ndio unaowasimamisha, ukiulegeza sana magoti yanakunjika. Daktari mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Na mkikataa? Kukataa ni uamuzi halali, na una gharama zake. Msuli uliojikaza miaka mingi, huku mfupa ukirefuka, hubaki mfupi, na ukishafupika kabisa sindano ya kulegeza haina cha kulegeza tena. Hapo mara nyingi linalobaki ni upasuaji wa kurefusha kano. Kati ya hapo kuna njia nyingine: plasta zinazobadilishwa mara kwa mara ili kuuvuta wayo kidogokidogo, au baklofeni ya kumeza, ambayo hulegeza mwili mzima na huweza kumfanya mtoto asinzie. Baadhi ya hospitali hufanya upasuaji wa kukata nyuzi chache za neva karibu na uti wa mgongo, kwa watoto waliochaguliwa kwa uangalifu. Kwa upande wa sindano, kuna wasiwasi mmoja ambao watafiti hawajaumaliza: kuchoma msuli unaokua mara nyingi mfululizo kunaweza kuupunguzia unene na nguvu. Kwa hiyo swali la kuchoma mara moja na kutazama si sawa na swali la kuchoma kila miezi michache kwa miaka. Mnaweza kukubali la kwanza bila kujifunga na la pili. Mnaweza pia kuomba muda. Mwezi ujao ni tarehe ya kliniki, si siku ya mwisho ya mwanao kupata msaada.

Nifike kwa mama yako, maana hapo ndipo moyo wangu umekwama.

Nasikia sababu ya mume wako kutaka neno sumu lisitajwe. Anataka kumwepushia mama mzee maumivu, na pengine anajiepushia ugomvi. Lakini tazama nani atakuwa na mtoto asubuhi baada ya sindano. Ni yeye. Mikono yake ndiyo itakayotambua kwanza kwamba kigimbi kimelegea, na ndiyo itakayofanya mazoezi ambayo bila hayo sindano ni kazi bure. Ni yeye pia atakayempa uji na maji, na kusikia kikohozi kikibadilika. Mtu anayeambiwa kuwa ni dawa ya misuli tu hataambiwa pia aangalie kumeza na pumzi. Na siku akisikia ukweli kwa mtu mwingine, baada ya yote aliyoyapitia na mwanawe, itakuwaje? Wewe unamjua, mimi simjui. Nauliza tu.

Kumwambia nako kuna hatari yake. Anaweza kulia, anaweza kusema hatamgusa mtoto tena. Usimwambie jikoni mkiwa mbiombio. Tafuta muda mkiwa wawili tu, na usianze na sindano. Anza na mdogo wako. Nashangaa kama mmewahi kukaa mkamzungumza, wewe na yeye, au kila mmoja amekuwa akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Mwambie nawe unaogopa. Kisha mweleze kwa lugha nyepesi tofauti ya zile sumu mbili, ile inayopanda hadi uti wa mgongo na ile inayobaki kwenye msuli. Akitaka, aje kliniki amuulize daktari mwenyewe. Ana maswali yake, na ameyapata kwa gharama kubwa kuliko sisi.

Mkifika huko mmwambie daktari habari ya kupaliwa kabla hamjakaa vizuri kitini. Mtajieni kila dawa anayotumia mtoto, hasa antibayotiki, kwa kuwa baadhi yake, kama gentamaisini, huiongezea botulinamu nguvu. Ulizeni nani atachoma, kama ana uzoefu na watoto, kama atatumia mashine ya picha kuuona msuli, na mtoto atatulizwa vipi. Mkifikia kuchoma, andikeni jina kamili la dawa na idadi ya yuniti, yaani kipimo cha nguvu yake, kwa maana yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine, na hospitali nyingine siku nyingine itahitaji kujua. Dawa itoke hospitalini au kwenye duka la dawa lenye leseni, na isiwe ya kuletewa na mtu. Bandia zake zipo. Na katika wiki zinazofuata, sauti ikififia, mate yakimjaa mdomoni, kupaliwa kukizidi au pumzi ikiwa ya shida, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, mkiwa na karatasi hiyo mkononi.

Kama baada ya kipimo cha kumeza na mazungumzo na mama bado moyo wako unasema hapana, hiyo hapana itakuwa imetazama mambo usoni, na mume wako atakuwa na sababu ya kuisikiliza. Ikiwa ni ndiyo, iwe ndiyo yako pia, usiburutwe. Niandikie baada ya kliniki unieleze daktari alisema nini kuhusu kupaliwa.

Shangazi yako